Chumba cha Makoti

Mimi ndiye mtunza makoti wa Bunge, hapa Yerevan,
mwaka wa kumi na tisa nyuma ya kaunta hii,
na akidi naijua kabla ya Spika:
kila koti kwenye kulabu
ni mheshimiwa aliyemo jengoni.

Jumanne ile vita vilikuwa na siku thelathini na tatu.
Kengele ikalia. Ubao wa taa ukahesabu
hamsini na wawili. Wanatakiwa hamsini na wanne.
Spika akatangaza: akidi haijatimia.
Nikatazama kulabu zangu. Zimejaa.
Hata ile ya mlangoni, iliyolegea,
imebeba makoti mawili.

Mswada wenyewe kurasa nne tu:
mablanketi, buti, mafuta ya magari ya wagonjwa.
Ila kwenye ukurasa wa nne, chini kabisa,
serikali ilichomeka kifungu kama mwiba kwenye soksi:
majina ya waliokufa yasitangazwe
mpaka amri nyingine itolewe.

Mheshimiwa Mkhitar Tumasyan, mnadhimu wa upinzani,
alikuwa kantini na watu wake, kitabu cha kanuni
kimelala wazi kando ya kahawa.
Mwenye kanuni kali ndiye mla nyama.
Akaja kwangu kuchukua sigara mfukoni mwa koti lake.
Nikamuuliza, Mheshimiwa, hamwingii?
Akasema, polepole, akinitazama machoni:
"Tukiingia tutahesabiwa. Tukihesabiwa mswada utapita.
Ukipita, tutazika watoto bila majina."

Nikamwamini.
Nilimwamini kwa muda wa kuwasha sigara moja,
kwani hapo hapo simu yake ikaita
na nikamsikia, mgongo wake kwangu:
"Wiki moja tu. Wakikwama wiki hii,
uchaguzi wa Machi ni wetu."

Labda yote mawili yalikuwa kweli.
Mtu mmoja hubeba mifuko miwili, mimi ninajua,
nimeining'iniza yote.

Vardges, mtoto wa dada yangu, alinitumia sauti
kutoka kwenye handaki:
"Mama mdogo, buti zimetoboka, nimefunga miguu kwa gazeti.
Kushoto nimevaa Spika, kulia nimevaa upinzani.
Wote wamelowa."
Akacheka. Kisha akakohoa kwa muda mrefu
na hakukata simu.

Saa nane usiku, theluji mpaka magotini,
upinzani wakaja kwa mstari, vibati vya namba mkononi.
Nikawaonyesha tangazo ukutani, la zamani,
lenye muhuri, ambalo halijasomwa na mtu tangu nianze kazi:
Makoti yatatolewa mbele ya wahudumu wawili.
Heghine, mwenzangu, yuko mazishini.
"Hoja ya utaratibu, waheshimiwa," nikasema.
"Kaunta haina akidi."

Wengine walicheka, wakatoka na suti zao,
wakikimbilia magari, viatu vikiteleza.
Wawili, wazee, wenye vifua vibovu,
wakageuka kutafuta joto.
Joto lilikuwa ukumbini.
Wakakaa. Taa zao zikawaka.
Hamsini na wanne.

Mswada ukapita saa tisa kasoro dakika kumi,
kurasa zote nne.

Buti zilifika Ijumaa; redio imesema.
Tangu Ijumaa simu ya Vardges haiiti.
Dada yangu amekwenda wizarani mara tano.
Kijana wa dirishani ni mpole, ana chunusi,
humwambia kila mara: orodha ipo, mama,
ila sheria hairuhusu kuisoma.

Mkhitar hupita kila asubuhi.
Hupigania kifungu kile sasa, kwa dhati au kwa Machi,
sijui tena, wala simuulizi.
Ananipa koti. Nampa kibati, namba sitini na moja.
Jioni ananirudishia kibati.
Heghine husimama pembeni yangu, kama tangazo lisemavyo,
nami nalitoa koti, nalikung'uta theluji
ambayo imeshayeyuka tangu asubuhi.